Ukuta wa Jirani Malvern

Malvern, kaskazini-mashariki mwa Toronto, ilikuwa mashamba hadi serikali ya Kanada ilipoyatwaa miaka ya 1950 kwa ajili ya makazi ya bei nafuu. Nyumba zilianza kujengwa miaka ya 1970, nyingi za safu, zimeshikana ubavu kwa ubavu. Kenchi ni mbao, sakafu ni mbao, hata nguzo za kuta za ndani ni mbao. Katika nyumba za aina na umri huo, kinachotenganisha familia na familia mara nyingi ni ukuta wa matofali ya saruji. Toronto inaujua moto: tarehe 19 Aprili 1904 uliteketeza majengo zaidi ya 100 katikati ya jiji.

Zege haliungui, lakini hiyo haitoshi. Ukuta hupimwa kwenye tanuru linalofika takriban nyuzi 927 za Selsiasi baada ya saa moja na 1,010 baada ya mbili. Unaweza kusimama wima bila hata ufa na bado ukafeli, kwa kuwa joto la upande wa pili likipanda kwa wastani wa zaidi ya nyuzi 140, kochi lililoegemezwa huko kwa jirani limeshaingia hatarini.

Kinachochelewesha joto hilo ni maji. Tofali linaloonekana kavu kabisa lina unyevu ndani, na unyevu huo ukigeuka mvuke hula joto jingi. Kokoto nazo zina sehemu yake: zenye kwatzi hutanuka ghafla zikifika nyuzi 573, ilhali mawe mepesi ya volkano, kama ya Mbeya na Arusha, hupitisha joto polepole.

Halafu kuna unene, na hapa wengi hudanganyika. Wahandisi wa Kanada hawahesabu upana wa tofali. Wanahesabu zege lililomo, matundu yakiondolewa. Tofali la milimita 190 lenye matundu makubwa hubaki na zege la milimita 100 hivi, ilhali saa mbili za kuhimili moto zinadai 113 kwa kokoto za kawaida. Yajaze matundu zege, ukuta uleule unafika saa nne.

Hesabu yote hiyo huharibiwa na upenyo mmoja. Fundi bomba anatoboa, anapitisha bomba lake, anaondoka bila kuziba. Au ukuta unaishia darini, na moshi unapita juu yake kwenda kwa jirani.

Hili la dari linanisumbua zaidi ninapofikiria vyumba vya kupangisha vya Dar es Salaam na Mombasa. Matofali tunayo, tena mazuri, lakini kuta za kati nyingi zinaishia usawa wa lenta, na juu yake kenchi na bati ni za wote. Chumba kimoja kikishika, moto hauna haja ya kupita ukutani. Kozi chache zaidi hadi kwenye bati, na plasta ya kuziba mianya, ni gharama ndogo mno kwa mwenye nyumba. Wapangaji waidai kazi hiyo kabla ya kulipa kodi ya kwanza, na halmashauri ziikague kabla paa halijafunikwa.