Mtoto mwenye usonji si mkaidi, anataka kujua kinachofuata

Hapa Bunia ukitaja usonji, wengi wanasema: "Huyo ni kiburi tu," ao "mpelekeni kwenye maombi." Hapana. Mwaka 1943, huko Marekani, daktari Leo Kanner aliandika juu ya watoto 11 waliosumbuka sana wakati mambo waliyoyazoea yalipogeuka. Kwao mabadiliko ya ghafla ni hofu ya kweli.

Kwetu tuko na mtoto wa dada yangu, miaka saba, hajasema vizuri bado. Kwenye kipande cha kartoni tulichora asubuhi yake: kunawa, kuvaa, chai, masomo. Akimaliza jambo moja, anageuza picha yake. Neno likisemwa linapita. Picha inabaki, anaweza kuiangalia tena.

Shida ni kwamba mji wetu haufuati ratiba. Risasi zinalia, masomo yanafungwa. Kwa hiyo tuko na picha moja zaidi, duara jekundu, maana yake "leo imebadilika". Tunaiweka juu ya picha ya masomo, tunamuonyesha atakachofanya pahali pake, na vingine vyote tunaviacha vilevile. Bado analia, lakini si asubuhi nzima kama zamani.

Ninyi mliotoka ISP na sasa mnafundisha: mtoto akipiga kelele juu umebadilisha kiti chake, acha fimbo. Kesho, kabla ya kumhamisha, mwambie na umchoree.