Uke Kukauka Baada ya Hedhi Kukoma: Je, Wahitaji Kupigwa Picha?

Mama aliyekoma kupata hedhi akihisi ukavu, mwasho au maumivu wakati wa tendo la ndoa, mara nyingi hunyamaza. Hapa Kisii na Nyamira wengi huona haya kulitaja jambo hili hata mbele ya daktari. Lakini ni hali inayojulikana, na ina tiba.

Hedhi hukoma kwa kawaida kati ya umri wa miaka 45 na 55. Wakati huo homoni ya estrojeni, ambayo huufanya ukuta wa uke uwe mnene, wenye unyevu na wa kunyumbuka, hupungua. Ukuta huo huwa mwembamba na huchubuka upesi. Asidi inayozuia viini hupungua pia, na ndiyo sababu wengine husumbuliwa na maambukizi ya njia ya mkojo mara kwa mara.

Huenda umesikia kwamba kuna picha ya kupima hali hii. Inaitwa elastografia, jina lililotolewa mwaka wa 1991 na Jonathan Ophir na wenzake huko Houston, Marekani. Altrasaundi ya kawaida huonyesha umbo la kiungo. Hii huonyesha ugumu au ulaini wake. Ni kama kubonyeza parachichi sokoni: bichi halibonyei, lililoiva hubonyea. Hutumiwa zaidi kupima ini na matiti. Kwa uke, bado ni kazi ya watafiti.

Kwa hivyo usivumilie maumivu ukitafuta pesa za picha hiyo. Daktari au afisa wa kliniki aliye karibu nawe, uwe Keroka, Ogembo au Nyamira mjini, anaweza kuitambua hali hii kwa kukuuliza maswali na kukupima. Vilainishi vya maji husaidia wakati wa tendo. Krimu ya estrojeni ya kutia ukeni, kwa kipimo kidogo, hurudisha unyevu baada ya wiki kadhaa. Ikiwa umewahi kuugua saratani ya matiti, mweleze daktari kwanza. Usijioshe ndani kwa sabuni.

Jambo moja usilingojee: damu. Ikitoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone moja, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Huenda ni ukavu tu, lakini huenda pia ni saratani ya mlango wa kizazi au ya mji wa mimba, ambayo hutibika vyema ikigunduliwa mapema. Hapo altrasaundi ya kawaida ina kazi yake: kupima unene wa utando ulio ndani ya mji wa mimba.