Darubini ya Nyumbani na Hewa ya Pwani



Wamo miongoni mwa wasomaji wetu waliojaaliwa kuwa na darubini nyumbani. Aghalabu huja kwa njia ya zawadi: kijana aliyeko Ghuba hurudi likizoni na sanduku refu, au baba humnunulia mwanawe aliyefaulu mtihani. Juma la kwanza nyumba nzima hupanda juu ya paa. Juma la tatu darubini imo kabatini, baina ya mashuka na mikeka ya wageni, na hapo ndipo maradhi yake yanapoanza. Mwaka ukipita, mtoto huitoa autazame mwezi, naye huuona kama mtu atazamaye kupitia bilauri iliyomwagwa maziwa.

Tumeonyeshwa kadhaa za namna hiyo, na ugonjwa wake ni mmoja: kuvu. Kimulike kioo kwa tochi, utaona nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui. Kuvu hiyo hutoa asidi ambayo hula kwanza utando wa kinga uliopakwa juu ya kioo, kisha kioo chenyewe. Ikiwahiwa, fundi aweza kuisafisha. Ikichelewa, alama zake hazitoki tena.

Wengi hulaumu vumbi. Vumbi ni jambo dogo. Chembe chache hazizuii nuru ya mbinguni, na afutaye kioo kila siku hukidhuru kuliko aliyekiacha. Adui wetu sisi watu wa pwani ni unyevu. Usiku kioo hupoa kuliko hewa iliyokizunguka, umande ukatua juu yake. Ifikapo saa nne watoto wanasinzia, mama amechoka, kifuniko hutiwa haraka kioo kikiwa kingali kibichi. Maji yamefungiwa ndani, na kwa joto letu kuvu haihitaji zaidi ya hayo.

Basi darubini ikiingizwa ndani, iachwe wazi chumbani, mdomo wake umeinamishwa chini kidogo, hadi umande ukauke wenyewe. Ndipo ifunikwe. Wenye viyoyozi wana mtihani wa kinyume: chombo kilichotoka chumba cha baridi kikifunuliwa nje hupata ukungu papo hapo, kama miwani ya mtu ashukaye katika gari lenye kiyoyozi. Kitolewe kimefunikwa, kikae nje nusu saa, kisha kifunuliwe.

Pa kuihifadhi ni sanduku la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu, vile vipatikanavyo ndani ya masanduku ya viatu na mikoba mipya. Vibadilishwe mara kwa mara, hasa msimu wa masika. Mkoba wa ngozi haufai, kwani ngozi yenyewe huota kuvu. Na chumba kinachofukizwa udi kila Ijumaa (hatumkatazi mtu udi wake!) si mahali pa kuacha kioo wazi, kwa kuwa moshi wake huacha utando wa mafuta.

Leso isitumike kufutia, hata ikiwa imefuliwa sasa hivi. Hewa yetu ina chumvi na mchanga, na chembe moja ikiburutwa juu ya kioo huacha mkwaruzo wa kudumu. Chukueni mpira mdogo wa kunyonyea makamasi ya mtoto mchanga, mpya na mkavu, mkapulizie vumbi kwa huo. Kupuliza kwa kinywa hurusha mate. Ama darubini ya kioo cha kuakisi, tabaka lake la alumini ni jembamba mno; kidole kisikiguse kabisa.

Tunawaelekea akina mama kwa kuwa wao ndio wenye funguo za kabati, na kuna jambo ambalo funguo hizo zapaswa kulilinda zaidi ya kioo: macho ya watoto. Jua likitazamwa kwa darubini huunguza sehemu ya nyuma ya jicho mara moja, wala mtoto hahisi maumivu yoyote. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Luxor kule Misri giza litadumu zaidi ya dakika sita, na Makka nako litapatwa kikamilifu. Huku kwetu litapatwa sehemu tu, na sehemu hiyo ni hatari kama jua zima. Kichujio cha jua ni kile kinachofunika mdomo wote wa mbele. Vile vidogo vya kufungwa penye jicho hupasuka kwa joto, vitupwe. Kidarubini cha kulengea nacho kifunikwe.

Tahadhari ni hiyo hiyo jioni za kuandama. Hilali hutafutwa magharibi, upande wa bara, karibu na pale jua lilipozama. Darubini isielekezwe huko mpaka ukingo wote wa jua umepotea. Suala la kuandama kwa chombo lina wenyewe wa kulijadili, nasi hatuliingilii hapa.

Kwa kioo kikavu na safi, familia ianze na mwezi, kisha Mushtari. Kando yake mtaona nukta nne zimejipanga mstari mmoja. Ni miezi yake, aliyoiona Galileo Januari 1610 kwa chombo dhaifu kuliko vingi viuzwavyo leo. Hubadili nafasi usiku hadi usiku. Watoto wazichore nukta hizo kwenye daftari, pamoja na tarehe na saa, na daftari likae ndani ya sanduku lile lile pamoja na kalamu ya risasi.