Uvimbe Katika Moyo wa Mtoto

Neno uvimbe likitajwa, wengi wetu hufikiri saratani mara moja. Katika moyo wa mtoto sivyo. Uvimbe uanziao humo ni nadra sana, na katika kila watoto kumi wenye nao, tisa hivi hawana saratani. Lakini mzazi asidanganywe kwamba hapana hatari. Uvimbe ukiziba njia ya damu, au ukikatiza njia ya umeme uendeshao mapigo, waweza kuua ijapokuwa si saratani.

Aina ionekanayo zaidi huitwa rabdomayoma. Aghalabu huwa vivimbe kadhaa pamoja, na siku hizi huonekana kwa altrasaundi hata mtoto akingali tumboni mwa mamaye. Ajabu yake ni kwamba vingi hunywea vyenyewe katika miaka ya kwanza ya maisha. Kwa hiyo, maadamu damu yapita na mapigo ni sawa, daktari mwenye busara huacha kisu chake, akampima mtoto mara kwa mara. Aangalie na kichwa pia, maana zaidi ya nusu ya watoto hao wana tuberasi sklerosisi, maradhi yatokanayo na kasoro ya jeni, ambayo hugusa ubongo na kuleta kifafa.

Faibroma ni habari nyingine kabisa. Kwa kawaida huwa mmoja tu, mgumu, uliojikita katika nyama ya ukuta wa moyo, wala haunywei. Wako watoto ambao dalili yao ya kwanza ilikuwa kifo cha ghafula. Hapa kungoja kwaweza kuwa kosa.

Upasuaji wa namna hii ulipata njia mwaka 1953, John Gibbon alipofaulu huko Philadelphia kutumia mashine ifanyayo kazi ya moyo na mapafu. Mwaka 1954 Clarence Crafoord wa Stockholm akaitumia mashine ya jinsi hiyo kuondoa uvimbe moyoni mwa mtu mzima. Leo damu ya mtoto hupitishwa mashineni, moyo husimamishwa kwa dawa baridi yenye potasiamu, kisha uvimbe huchongwa polepole. Sifa zote hupewa mpasuaji; mwendesha mashine, ambaye akikosea dakika chache mtoto hufa, hatajwi. Uvimbe ukiwa umeshikamana na vali au mishipa ya moyo, hukatwa sehemu tu, ile iletayo madhara, na iliyobaki huachwa ikiangaliwa. Na ikiwa hata hilo haliwezekani, hubaki kumtafutia mtoto moyo mwingine.