Jina la Picha ya Daraja: Ōhashi Atake no yūdachi

Miongoni mwa picha za Kijapani zilizopigwa chapa kwa vibao, ni chache zijulikanazo kama hii ya Hiroshige (1797–1858), iliyotolewa mwaka 1857. Yaonyesha daraja la miti juu ya mto Sumida, katika mji wa Edo ambao sasa ni Tokyo, na wapitaji wakiharakisha mvuani. Nakusudia kulieleza jina lake, kwa kuwa tafsiri zilizozoeleka hupunguza maana.

Hashi ni daraja, na ō ni kubwa. Daraja hilo lilijengwa mwaka 1693, likaitwa Shin-Ōhashi, yaani Daraja Kubwa Jipya, maana lile la Ryōgoku lililitangulia kwa jina la Ōhashi. Atake ni mahali pa ng'ambo, palipoitwa hivyo kwa ajili ya merikebu Atakemaru iliyowekwa hapo. Yūdachi ina sehemu mbili: yū, jioni, na dachi, itokayo katika kitenzi tatsu, kusimama au kuinuka. Kwa matumizi, ni mvua ya ghafla inyeshayo alasiri au jioni katika majira ya joto.

Msomaji ataona kwamba t imegeuka d, kama vile hashi iwavyo bashi katika Nihonbashi. Asilinganishe upesi na -refu yetu iwayo ndefu. Kwetu sababu ni king'ong'o kitanguliacho. Kwao ni kuungana kwa maneno mawili. Na kiungo no hufanya kazi ya -a yetu, ila mpangilio umegeuzwa: kimilikicho hutangulia, kimilikiwacho hufuata.

Wafasiri wengi wa Kiingereza huandika mvua ya ghafla tu, wakaiacha jioni. Sisi tuna nafasi ya kuyahifadhi yote mawili. Neno daraja pia latufaa kuliko ulalo, kwani ulalo ni gogo lililolazwa juu ya kijito, ilhali hapa pana nguzo na kazi ya maseremala.

Van Gogh alipoinakili picha hii kwa rangi za mafuta huko Paris mwaka 1887, aliizungushia maandishi ya Kijapani aliyoyatoa katika picha nyingine, yakawa pambo. Mchoraji ana ruhusa hiyo, mfasiri hana. Kwa hiyo napendekeza: Mvua ya Ghafla ya Jioni, Daraja Kubwa na Atake.