Kususia: kutoka sinia hadi sanduku la kura

Pale Kisian matatu zinazotoka Kisumu hugawana njia: za Maseno na Busia hupanda mlima, za Bondo hukata kushoto. Oktoba 26, 2017, siku ya marudio ya uchaguzi wa urais, hapakupigwa kura huku, wala katika sehemu kubwa ya kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Vichwa vya habari vilisema wananchi wamesusia.

Kitenzi hiki kwao ni jikoni. Mtoto kaona mwenzake kapewa mnofu, yeye kaachiwa mchuzi. Anasukuma sahani, ananuna. Amesusa. Njaa anayo na chakula ni chake, ila hakubali alivyotendewa, na anangoja kubembelezwa. Ukiongeza kiambishi cha kutendea, susa huwa susia, na hapo ndipo siasa ilipokidaka: kususia kikao, kususia bidhaa, kususia uchaguzi.

Waingereza walikipata chao kwa njia nyingine. Mwaka 1880, katika jimbo la Mayo, Ireland, wapangaji waliodai nafuu ya kodi walimtenga Kapteni Charles Boycott, msimamizi wa mashamba ya Lord Erne. Hakupata mwenyeji wa kumvunia wala duka la kumuuzia. Jina lake likawa kitenzi. Chao kimembeba aliyetengwa. Chetu kinamtazama aliyeudhika.

Hatari ya kususa watu wa pwani waliijua zamani: wakisusa, twala. Mwaka 1961 chama cha KANU kilishinda uchaguzi lakini kikakataa kuunda serikali hadi Jomo Kenyatta aachiliwe kutoka kizuizini, msimamo ambao Jaramogi Oginga Odinga wa Bondo aliupigania kwa nguvu. Chama pinzani, KADU ya Ronald Ngala, kikaketi mezani. Hata hivyo Kenyatta aliachiliwa Agosti mwaka huohuo, na mwaka 1963 KANU ikatwaa serikali. Kususa kule kulizaa.

Kwa mwaka 2017, naona sisi waandishi tulikitumia kitenzi hiki kwa pupa. Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta matokeo ya Agosti 8. Hayati Raila Odinga akajiondoa Oktoba 10, akisema tume ya uchaguzi haijarekebishwa, na wafuasi wake wengi wakabaki nyumbani kwa hiari. Hao walisusia kwelikweli. Lakini barabara zilifungwa kwa mawe na matairi yanayowaka, na maafisa wa uchaguzi wakahofia maisha yao. Mtu aliyetaka kupiga kura akakosa pa kuipigia hakususia, alizuiwa. Kumtia katika kapu moja na wenzake ni kumpokonya kauli yake mara ya pili.

Tume iliahirisha kura ya kaunti hizo nne hadi Oktoba 28, kisha ikaisitisha, na Oktoba 30 ikamtangaza Uhuru Kenyatta mshindi kwa asilimia 98. Machi 9, 2018, Uhuru na Raila wakapeana mikono Nairobi. Uchaguzi ule wa marudio haukufanyika Kisian hata baadaye.