Sauti inaruka wakati wa kurekodi: kinachotokea ndani ya ordinateri

Mikro ni nzima, kebo ni nzima, lakini kwenye rekodi sauti inaruka: krr! Mara nyingi watu wanasema mashine imezeeka. Chanzo kinaweza kuwa kingine: namna kiini cha mfumo, ile programu inayosimamia vyombo vyote, kinavyojibu wito wa vyombo hivyo.

Klavye, diski, kadi ya sauti: kila kimoja kinahitaji prosesa kwa wakati wake. Kama prosesa ingezunguka kuuliza kila chombo "uko na kitu?", ingepoteza muda bure. Njo maana chombo chenyewe kinatuma ishara ya kukatiza. Prosesa inamaliza agizo dogo iliyo nalo mkononi, inaweka alama pale ilipofika, inatazama namba ya ishara kwenye jedwali, kisha inaingia kwenye kiini. Kiini kikimaliza, kazi ya kwanza inaendelea kama vile hakuna kilichotokea.

Chukua kadi ya sauti. Ikipima sauti mara 48.000 kwa sekunde, na kuita kila baada ya vipimo 480, wito unakuja kila milisekunde 10. Jibu likichelewa mno, vipimo vipya vinafunika vya zamani ambavyo havijachukuliwa. Kipande hicho cha mahojiano kimepotea, na hakuna programu itakayokirudisha.

Kwa hiyo kwenye Linux kazi inagawanywa mara mbili. Kwanza jibu la haraka: kupokea ishara na kuweka pembeni kinachohitajika, basi. Kazi nzito inafuata nyuma kidogo, wakati ishara zingine zinaweza tena kuingia. Programu ya chombo kimoja ikikawia kwenye hatua ya kwanza, vyombo vingine vinavyotegemea prosesa ile vinasubiri mlangoni, hata kadi ya sauti.

Mtandao uko na njia yake. Data zikimiminika, kiini kinazima ishara za kadi ya mtandao na kwenda chenyewe kuchota kwa mafungu. Zikipungua, kinaziwasha tena.

Tangu toleo 6.12 la mwaka 2024, Linux inaweza kujengwa kwa namna ambayo majibu mengi yanapangwa kwa umuhimu, na kadi ya sauti inaweza kupewa nafasi ya mbele.

Anayetumia Linux anaweza kujionea: kwenye terminali aandike cat /proc/interrupts, arudie baada ya sekunde chache. Namba iliyopanda sana inaonyesha chombo kinachoita zaidi. Kama si cha lazima, kichomolewe kabla ya kurekodi.